Machicha ya risasi

Simu ilinikuta kitaluni saa mbili asubuhi, mpira wa maji mkononi. Aliyepiga alikuwa katibu wa chama cha kina mama walionunua kwangu miche 300 ya mvinje mvua za mwaka zilipoanza. "Mama Miche," akaniambia, "ile miti imekufa." Hakuwa na ugomvi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepeleka habari ya msiba. Nikamuuliza imekufa mingapi. "Yote."

Kitalu changu kiko ng'ambo ya daraja la Sabaki, ukitoka Malindi kwenda Mambrui, na huu ni mwaka wa 11. Mvinje ndio unaonisomeshea watoto, maana boriti zake hazikosi mnunuzi, na Magarini huwezi kutembea mwendo mrefu bila kukuta shamba lake. Mvinje uliokufa kwa kiu naujua. Uliokatwa na mchwa naujua, uliotafunwa na mbuzi naujua. Lakini miche 300 kufa yote, tena msimu ambao mvua ilinyesha hadi mto ukapanda, hilo lilikuwa geni kwangu. Usiku ule sikulala vizuri. Kina mama wale walikuwa wamechangishana pesa zao wenyewe, shilingi hamsini hamsini.

Kesho yake nikapanda pikapu ya jirani, tukateremka hadi Kilifi, tukakata kwenda Ganze. Kijiji chenyewe sitakitaja. Wenyewe wameniomba hivyo na sababu yao naielewa: shamba likishaitwa la sumu, hakuna anayelinunua wala anayenunua mahindi yake. Itoshe kusema kwamba bara ya Kilifi, Vitengeni na Kinangoni, risasi, ile metali ya betri na chubwi, ilichimbwa zamani, na wachimbaji wakaenda zao.

Nilidhani naenda kuona shamba. Nilichokuta ni kilima, kirefu kuliko nyumba, rangi yake ya kijivu inayoelekea manjano, na juu yake hakuna kitu, hata kwekwe. Miche yangu ilisimama pale kwa mistari iliyonyooka, kila mmoja kwenye kishimo chake, mikavu, rangi ya kutu. Na katikati ya mistari watoto wanne walikuwa wakiteleza kutoka juu hadi chini, wamekalia vipande vya dumu la plastiki, wakicheka. Vumbi lilikuwa limewajaa hadi kwenye kope.

Nikang'oa mche mmoja. Mvinje ulioshika, ukiuvuta unaisikia ardhi ikikataa kuuachia. Huu ulitoka kama kijiko kwenye wali. Mizizi ilikuwa bado ina umbo la pakiti niliyouoteshea. Ilikuwa imekua hadi ukingoni mwa udongo wangu, ikagusa kile kijivu, ikarudi: ncha fupi, nene, nyeusi, zimepinda kama zilizochomwa. Nikang'oa wa pili, nikang'oa wa kumi, hali ile ile. Miti ile iliishi ndani ya konzi ya udongo nilioujaza mimi Sabaki, na konzi ilipoisha ikafa.

Bibi mmoja, ambaye pale wote humwita Hawe, alikuwa amekaa chini ya mwembe akinitazama. "Mwanangu," akaniambia, "hapo hapajaota kitu tangu niolewe."

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, nikiuliza, nikimsumbua mpwa wangu anayesomea sayansi ya udongo chuoni. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyotamani kuyajua kabla sijawauzia wale kina mama hata mche mmoja.

Vitabuni yanaitwa mabaki ya mgodi. Mimi naona jina tunalo jikoni. Ukikuna nazi ukaikamua tui, kinachobaki kwenye kifumbu ni machicha. Mgodi wa risasi hufanya vivyo hivyo. Jiwe linavunjwa, linasagwa hadi kuwa unga, unga unakorogwa na maji na dawa, halafu hewa inapulizwa ndani. Galena, lile jiwe zito linalong'aa ambalo ndilo lenye risasi, hunaswa na mapovu, hupanda juu na kuenguliwa. Yanayobaki, ambayo ndiyo mengi kupita kiasi, humwagwa kama tope na kuachwa yakauke. Na kama vile machicha ya nazi hayaishi utamu hata uyakamue mara tatu, machicha ya mgodi hayaishi risasi. Hubaki nayo, pamoja na zinki ambayo mara nyingi huandamana nayo, na pengine sumu nyingine, kadimiamu na aseniki. Ila machicha ya nazi tunawamwagia kuku.

Risasi nimekua nayo. Baba alikuwa mvuvi hapa Malindi, na chubwi za mishipi yake alizitengeneza mwenyewe. Aliyeyusha sahani za betri kuukuu za gari ndani ya mkebe, juu ya mafiga matatu nyuma ya jiko la mama, akamimina kwenye vishimo vya mchanga mkavu. Sisi watoto ndio tuliochochea moto. Chubwi ndogo aliziuma kwa meno ili zishike mshipi. Hakuna aliyekuwa na habari, na simlaumu. Lugha yetu imeipa risasi ya bunduki na risasi ya chubwi jina moja, na ukifikiria ni haki: moja huua papo hapo, nyingine huingia mwilini ikajifanya kalisiamu, ikakaa kwenye mifupa miaka na mikaka. Mama akibeba mimba, mifupa huiachia sehemu yake ikamfikia mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, ubongo wake, masikio yake, uwezo wake wa kutulia darasani.

Hatuhitaji kwenda mbali kuliona hili. Mtaa wa Owino Uhuru pale Mombasa ulitiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido alipigania watu wake hadi akapewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi iliendelea kupanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliirudisha fidia ile. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watu walisaga mawe ya dhahabu yaliyochanganyika na risasi majumbani mwao, na watoto zaidi ya 400 wakafa. Hawakufa kwa kula jiwe. Walikufa kwa vumbi: mkono uliochezea chini, kisha ukaingia mdomoni.

Kwa hiyo niliposimama pale na mche mkavu mkononi, jambo lililonikereketa halikuwa miti tena. Ni wale wanne na madumu yao.

Sasa mvinje. Kwa nini kina mama walichagua mvinje, na kwa nini nami niliwauzia bila swali? Kwa sababu ya Bamburi. Kila mtoto wa pwani aliyewahi kupelekwa ziara ya shule anaijua hadithi ile. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hadi pakabaki uwanja mweupe wenye joto kama kikaango. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti. Alijaribu aina 26, zikastahimili tatu tu: mvinje, mti mmoja jamii ya mikoko asili yake upande wa Somalia, na mnazi. Mvinje ndio uliotangulia mingine yote. Kwenye mizizi yake huota vinundu, na ndani ya vinundu hukaa vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mti. Mti unajilisha mwenyewe mahali pasipo na samadi. Lakini majani yake makavu yalirundikana chini bila kuoza. Ndipo Haller akaleta majongoo, wale wekundu miguu tunaowakanyaga njiani msimu wa mvua. Majongoo wakala majani, wakayatoa yakiwa mboji, udongo ukaanza kujijenga. Leo pale ni msitu, una twiga na viboko.

Nilipokuwa darasa la sita nilisimama chini ya mivinje ile na kuamua nitafanya kazi ya miti. Kwa hiyo naipenda hadithi hii kuliko watu wengi, na kwa sababu naipenda ilinichukua muda kuona mahali inapodanganya. Bamburi palikuwa na njaa. Hapakuwa na udongo, wala mboji, wala kivuli, lakini jiwe lenyewe halikuwa na ubaya na mzizi. Kilima cha Hawe kina njaa ile ile na juu yake kina sumu. Mvinje unaijua dawa ya njaa. Ya sumu hauijui.

Na njaa yenyewe ni zaidi ya kukosa mbolea. Machicha yamesagwa laini mno, kwa hiyo yakilowa yanajibana na yakikauka yanafanya ganda gumu ambalo mvua huteleza juu yake badala ya kuzama. Hakuna mnyoo wala kuvu wala majani yaliyooza ya kuliachanisha. Jua la Januari likipiga, maji yaliyo chini hupanda juu kama mafuta kwenye utambi, yamebeba chumvi na madini, yakifika juu yanakauka na kuacha ukungu mweupe. Ule ukungu mweupe niliuona siku ile nikadhani ni majivu.

Upande wa mashariki wa kilima kuna kitu kingine. Maji yanachuruzika pale chini rangi ya kutu, na hata mawe yamepakwa rangi hiyo. Mpwa wangu alipoona picha akasema mara moja: pairaiti. Ni lile jiwe la manjano linalong'aa ambalo wengi hulidhania dhahabu, lina chuma na salfa ndani yake. Likikaa ardhini bila hewa halina neno. Ukilisaga na kulianika kwenye hewa na mvua linaanza kutoa asidi ya salfa, na kuna bakteria wanaoishi kwa kazi hiyo hiyo, wanaoiharakisha. Asidi nayo huyeyusha madini mengine yaliyokuwa yamelala.

Mfano mkubwa kwa jirani zetu ni Kilembe, Uganda, mgodi wa shaba uliofanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982. Pairaiti yenye kobalti ilirundikwa Kasese kama kilima, mvua zikaiosha kuingia Mbuga ya Queen Elizabeth, na pale maji yake yalipopita nyasi zilikufa, ukabaki mkanda mtupu katikati ya mbuga. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, lilianza kazi jambo ambalo bado linanishangaza. Wale wale bakteria walifugwa ndani ya matangi makubwa wakailia ile pairaiti ili kobalti itoke iuzwe. Rundo lilipungua kwa sababu kulikuwa na soko. Risasi kidogo iliyobaki kwenye kilima cha Hawe hakuna atakayeifuata.

Swali ninaloulizwa zaidi, na kina mama, na hata na watu waliosoma, ni hili: si kuna miti inayonyonya sumu? Ipo. Kuna mimea inayojaza madini kwenye majani hadi inashangaza, na watu wameifanyia kazi kwa nikeli na zinki. Lakini risasi ni nzito wa kuondoka. Hung'ang'ania udongo, na sehemu kubwa ya inayoingia kwenye mmea huishia mizizini. Kukivua kilima kizima kwa kuvuna majani ni kazi ya vizazi na vizazi. Na tuseme ingewezekana: yale majani yaliyojaa risasi atayala nani? Ganze hakuna jani linalosubiri kuvunwa kwa mpango. Mbuzi atafika kwanza, kisha maziwa yake yatamfikia mtoto wa Hawe.

Hapa ndipo nilipobadili mawazo yangu yote kuhusu kupanda. Mti wa kilima kile nisiutafute unaopandisha madini juu. Niutafute unaoyaacha chini na kuyashika, mzizi ukawa kamba na majani yakawa kifuniko. Risasi haiozi, haichakai, haiendi peponi. Itakuwa pale wajukuu wa wale watoto wanne wakiwa wazee. Tunachoweza kuamua ni kama itabaki pale au itasafiri.

Na husafiri kwa njia mbili, zote mbili tunazijua vizuri. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa bonde la Nyari, Marafa, ameona maji yanavyofanya ardhi isiyoshikwa na mzizi: yamechonga mchanga hadi ukawa minara na mabonde. Kilima cha machicha ni Marafa ndogo inayoanza. Mvua inakwangua, kijito kinapokea, shamba la mahindi la chini linameza. Njia ya pili ni upepo. Kiangazi cha kaskazi, Januari hadi Machi, ndipo kila kitu kimekauka, na vumbi huelekea kusini-magharibi. Nilimuuliza katibu nyumba gani ziko upande huo. Akanyoosha kidole bila kusema. Ni kwao.

Machicha yaliyohifadhiwa bado yakiwa tope nyuma ya ukuta yana njia ya tatu, mbaya kuliko zote. Brumadinho, Brazil, Januari 25, 2019, ukuta wa bwawa la mgodi wa chuma ulivunjika mchana watu wakiwa kwenye chakula, wakafa watu 270. Chetu ni kikavu. Kwa hilo nashukuru.

Basi mmea gani? Jibu lilikuwa limelala chini ya miguu yangu siku ya kwanza na sikuliona, kwa sababu nilikuwa nikitazama miti. Miaka ya 1950 huko Wales, mtaalamu wa mimea Tony Bradshaw aliona kwamba kwenye machicha ya migodi ya zamani ya risasi kuna nyasi zimeota, na ni zile zile zilizoko malishoni nje ya uzio. Alipochukua nyasi ya malishoni akaipanda kwenye machicha, ilikufa. Ile ya machicha iliendelea. Aina ni moja, lakini ya ndani ya uzio ilikuwa imechujwa: mbegu nyingi zilianguka pale zikafa, moja moja iliyozaliwa na uvumilivu ikabaki, ikazaa. Baadaye, akiwa Liverpool, mbegu za nyasi hizo zilizalishwa na kuuzwa kwa ajili ya migodi, kila moja kwa udongo wake. Goginan ni ya machicha ya risasi na zinki yenye asidi, Merlin ni ya yale yenye chokaa, na Parys ni ya shaba. Kwenye mkanda wa shaba wa Zambia na Katanga kuna ua la zambarau ambalo watafutaji wa madini walilifuata kama alama, kwa sababu linavumilia shaba iliyowashinda wenzake.

Tulirudi, mimi na mpwa wangu, na safari hii nilitembea nikiwa nimeinama. Upande wa kaskazini, pale machicha yanapokutana na udongo mwekundu, ukoka ulikuwa umeingia ndani ya kijivu kama hatua sita. Ukoka! Nyasi ambayo maisha yangu yote ya kitalu nimekuwa nikiing'oa na kuilaani. Baadaye nilijifunza kwamba hata China, kwenye machicha ya risasi na zinki, ukoka huo huo ni miongoni mwa mimea inayotangulia kuingia. Hawe alishangaa kuona watu wazima wawili wamepiga magoti wanapima nyasi kwa kamba.

Hatukuanza na nyasi lakini. Kazi ya kwanza ilikuwa ya Hawe. Aliita mkutano chini ya mwembe wake, akasema watoto hawapandi tena pale, mikono inaoshwa kabla ya kula, na ua unafagiliwa baada ya kunyunyiziwa maji ili vumbi lisipande. Aliniambia niwaeleze kwa nini. Nikawasimulia chubwi za baba. Kisha tukazungusha kilima ua wa mnyaa na mkonge. Mnyaa una utomvu ambao mbuzi hathubutu kuugusa, mkonge una miiba, na yote miwili huishi kwa maji ya kidogo. Vipandikizi vya mnyaa vinapatikana bure kwenye kila boma.

Kwa upande ule wa kutu ilihitajika chokaa ya kuituliza asidi. Mpwa wangu alitaja ya mifuko ya dukani, na bei yake ikatunyamazisha wote. Halafu nikakumbuka machimbo ya mawe ya kujengea, yale yanayokatwa kwa mashine kando ya bahari. Jiwe lile ni matumbawe ya kale, na matumbawe ni kalisiamu kaboneti, ambayo ndiyo chokaa ya shamba hiyo hiyo. Vumbi lake jeupe hurundikwa pembeni bila mwenyewe. Tuliomba lori moja, tukapewa, tukalipa mafuta. Takataka ya chimbo moja imekwenda kutuliza ya jingine, na hilo linanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Jambo la mifupa ya samaki wengi hawakuniamini. Mwaka 2011, kwenye mtaa wa South Prescott huko Oakland, California, shirika la mazingira la Marekani lilichanganya unga wa mifupa ya samaki kwenye udongo wa nyua zilizokuwa na risasi. Mifupa ni fosfeti, na fosfeti ikikutana na risasi hufungana nayo kuwa jiwe jipya lisiloyeyuka kirahisi, hata tumboni. Risasi iko pale pale, ila mlango umefungwa. Mimi ni binti wa mvuvi, nimekulia kwenye mifupa ya samaki. Sokoni Malindi inatupwa kila siku. Lakini kuna hatari ambayo mpwa wangu aliisisitiza hadi nikachoka: mahali penye aseniki, fosfeti huweza kuifungulia aseniki iondoke na maji. Kwa hiyo udongo unapimwa kwanza, maabara, bila kukisia. Upande mmoja wa kilima tukaruhusiwa, upande mwingine tukakatazwa. Kina mama waliichoma mifupa, wakaitwanga kwenye kinu kilichonunuliwa kwa kazi hiyo tu na ambacho hakitatwangiwa chakula kamwe. Wamekichora alama nyekundu.

Tulijaribu kwenye kipande kidogo, hatua 20 kwa 20. Chini tulitandaza mawe makubwa makubwa ili kukata ule utambi wa chumvi, juu yake udongo mwekundu kiasi cha shubiri mbili, samadi, unga wa mifupa, kisha vipande vya ukoka kutoka ukingoni pale pale. Mistari ya mawe ilifuata mlalo wa kilima ili maji yapunguze mbio. Pembeni tuliacha kipande kingine bila udongo, ukoka na samadi tu juu ya machicha. Pale umekufa zaidi ya nusu, lakini uliobaki ndio ninaoutazama kwa hamu. Nimeupa kamba yake ya kuonyesha ulipofika.

Watu huniuliza ni nani alipaswa kufanya haya yote. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mchimbaji aweke dhamana ya mazingira kabla hajaanza, ili akitoroka pesa za kufukia zisitoroke naye. Mrabaha, lile fungu ambalo mchimbaji hulipia madini, nao unagawanywa, asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Ni sheria nzuri. Ilifika wakati wenye kilima cha Hawe wamekwisha kwenda, na kilima kisicho na mwenyewe hakina dhamana. Kule Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994 baada ya miaka takriban 90, na watoto waliozaliwa baada ya kufungwa bado wanapatikana na risasi kwenye damu.

Nayaandika haya sasa kwa sababu ya Mambrui pia. Mchanga mweusi tuliokuwa tukiukokotea sumaku utotoni ni wa jamii ile ile iliyochimbwa Kwale kuanzia 2013, titani na zirkoni, hadi mgodi ule ulipofungwa mwisho wa 2024. Pale kazi ilikuwa ya maji, uzito na sumaku, na mchanga wenyewe hauna pairaiti, kwa hiyo unaobaki una njaa bila sumu, kama Bamburi. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini ikiwa siku moja watakuja upande wetu, swali langu la kwanza litakuwa udongo wa juu mtauweka wapi na kwa muda gani. Ile shubiri moja ya juu ndiyo yenye mbegu na kuvu. Mrihi, mti wetu wa msitu wa Arabuko Sokoke, hauendi popote bila kuvu wake mizizini. Udongo huo ukirundikwa juu kama ghorofa kwa miaka, katikati yake hufa, na mtakachorudisha ni rangi ya udongo tu. Na wauza miche kama mimi tusikubali kuitwa siku ya mwisho na ya kupigwa picha. Tuitwe siku ya kwanza ya kuchimba.

Juzi katibu amepiga simu tena, saa ile ile ya asubuhi. Vuli imenyesha wiki mbili. "Mama Miche," akasema, "ukoka umepita kamba." Nikamuuliza kamba ipi, ya penye udongo au ile nyingine. "Ile nyingine." Umepita kiasi gani? Nikamsikia akiinama, akihema, akipima. "Vidole vinne."

Nikamwambia asiisogeze kamba mpaka Jumamosi, nije niione mwenyewe.